Picha za Kumaliza Shule: Anzia Mtaani, Karura Itangoja

Ikifika Oktoba simu yangu huanza kupokea jumbe za aina moja: "Buda, tukimaliza KCSE tupige picha wapi?" Wachache sana huuliza bei kabla ya kuuliza mahali. Mahali ndiyo habari yenyewe. Na jibu wanalotaka nalijua kabla sijaandika chochote: Karura, Arboretum, Uhuru Park, paa la jumba fulani linaloonyesha jiji lote, ama bustani ya hoteli ambako utanunua soda moja kwa bei ya mlo wa watu wawili ndipo usifukuzwe.

Maoni yangu hayapendwi sana, lakini nayasema kila mwaka. Picha yako ya kwanza ya kumaliza kidato cha nne ipigwe mtaani kwenu. Sisemi ya mwisho, ile ya "tumalizie hapa kwa geti tukirudi" wakati umechoka na vumbi limeshika viatu. Nasema ya kwanza, mwanga ukiwa mzuri na shati likiwa bado limenyooka. Baada ya hapo nenda popote.

Kwanza fikiria picha hii ni ya nani. Ile ya Instagram ina maisha ya siku mbili. Nyingine itachapishwa, iwekwe kwa fremu, itundikwe sebuleni kando ya kalenda na picha ya harusi ya wazazi, na itakaa hapo hadi wewe mwenyewe uwe na watoto. Na anayeilipia mara nyingi si wewe. Ni mathe, ama shosho, ama yule anko aliyetoa karo ya muhula wa pili mwaka ule mambo yalikwama. Kuna jirani yetu alimpa kijana wake doo ya picha, kijana akaenda na wenzake kwa paa la jumba moja huko mbali. Picha iko safi, sitadanganya. Vioo, anga, tai imelegezwa kidogo. Wageni wakija wanauliza, "Na hapa ni wapi?" Mama anajibu, "Anasema ni Westlands." Anasema! Kwa picha ambayo yeye mwenyewe aliitoa jasho.

Halafu kuna hili la muda. Watakaofanya KCSE mwaka wa 2027 ndio wa mwisho. Nyuma yao wanakuja wa CBC, wenye gredi ya kumi hadi ya kumi na mbili, na "kidato cha nne" kitageuka neno la wazee, vile sisi husikia watu wa umri fulani wakitaja kidato cha sita na tunatikisa kichwa tu kwa heshima. Kwa hivyo hizi picha zinazopigwa sasa ni kati ya za mwisho za aina yake. Mtu akiziangalia baadaye atataka kuona watu hawa waliishi wapi. Sidhani atahitaji picha ya mia nne ya benchi lile lile la Karura.

Hii desturi ya kuzunguka ukitafuta mandhari hatukuianzisha sisi. Kule Marekani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya upili hupigwa picha maalum ya kitabu cha mwaka cha shule. Zamani ilikuwa studio, mandhari wazi, tabasamu moja. Siku hizi wengi huenda nje: shamba la ngano, ukuta wa matofali, reli iliyoachwa, miti yenye majani mekundu. Wengine hupiga mwaka wa mwisho haujaanza hata, wakiwa likizo ya kiangazi. Ni jambo zuri na lina akili yake, juu linafuata majira yao na shule zao. Shida ni sisi kulibeba zima-zima kutoka Pinterest. Msee ananitumia picha ya Ohio yenye majani mekundu na anataka hiyo hiyo, Novemba, Nairobi, kati ya mvua mbili.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu sababu yangu kubwa ya kusema mtaani si ya hisia peke yake. Ni ya jua.

Nairobi iko kama digrii moja hivi kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba kwetu jua halitui kwa madaha. Linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu wanaousifu kwa video, unaofanya kila ngozi ing'ae kama imepakwa mafuta, kule mbali na ikweta unaweza kukaa muda mrefu, mtu akabadilisha nguo na kula sambusa. Kwetu mwezi wa Novemba jua linazama mwendo wa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, na mwanga mzuri unaanza kama kasorobo. Una nusu saa, ukibahatika dakika arobaini, na lazima mawingu yakubali. Asubuhi ni vivyo hivyo, kuanzia saa kumi na mbili na robo hivi hadi karibu saa moja.

Sasa piga hesabu. Unaishi Kayole na umechagua msitu ulio upande ule mwingine wa jiji. Kufika asubuhi kwa mwanga ule, utoke nyumbani giza, ubadilishe matatu mjini, na pengine lango halijafunguliwa. Ukisema jioni, basi mwanga unapoanza kuwa mtamu ndipo askari wanapita wakisema muda umeisha, tokeni. Ndiyo maana picha nyingi za hizo bustani zimepigwa saa saba mchana. Ukiziangalia vizuri utaona macho yote ni mashimo meusi, juu jua la saa sita hadi saa nane liko karibu utosini na nyusi zinatupa kivuli kwa macho. Watu wamelipa nauli na kiingilio ili wapigwe na mwanga mbaya kuliko wote wa siku.

Mtaani kwenu unatoka nje na mswaki mdomoni, unaangalia ukuta wa mashariki, unasema bado dakika kumi. Mvua ikinyesha unarudi ndani, unakunywa chai, unatoka tena. Mbele ya nyumba yenu ndiyo mahali pekee Nairobi ambapo una uhakika wa kuwa kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mpiga picha hiyo ni mali.

Na usiniambie mtaa wenu hauna mwanga. Nimepiga Pipeline, ambako ghorofa zimebanana hadi jirani anaweza kukupitishia chumvi kwa dirisha. Watu hulalamika jua haliingii, na wana haki kulalamika, nguo hazikauki. Lakini kwa picha, ule uchochoro una kivuli laini karibu siku nzima. Msimamishe mtu hatua mbili ndani ya kivuli, ageuze uso kule anga inakoonekana, basi. Ukuta wa mabati ukipigwa na jua unarudisha mwanga kwa uso bure. Kama hakuna mabati, shuka nyeupe ama karatasi ya manila inashikwa na mtoto wa jirani, ambaye utamlipa mandazi.

Kitu cha kuchunga ni rangi. Vibanda vingi vimepakwa kijani ama nyekundu ya kampuni za simu, na ukisimama karibu sana na ukuta wa kijani, shavu nalo linakuwa la kijani. Songa mbele mita mbili hivi. Chunga pia anga nyeupe nyuma ya kichwa. Kamera ya simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na sisi wenye ngozi nyeusi tunageuka kivuli chenye meno. Gusa uso kwa skrini, pandisha mwanga kidogo, ama tafuta nyuma yenye rangi nzito: geti la buluu, ukuta wa mawe usiopigwa plasta, mlango wa mbao. Na usidhani ni simu yako peke yake ina shida. Kwa miongo mingi Kodak ilikuwa inasambaza kwa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley, na filamu zikasafishwa zikifuata ngozi ile. Kuchagua mahali panapopendelea ngozi yetu ni kazi tumeachiwa tufanye wenyewe.

Sasa Karura. Watu hudhani naichukia. Naipenda sana, na ndiyo maana inaniuma ikitumiwa kama pazia. Msitu ule ungekuwa majumba leo kama si watu waliokubali kupigwa. Januari 1999 Wangari Maathai alijeruhiwa kichwani pale akitaka kupanda miti, wakati ardhi ya msitu ilikuwa imegawiwa wajenzi. Miaka kumi kabla ya hapo, 1989, ni yeye tena aliyesimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na ndiyo sababu bado kuna nyasi ya wewe kukalia hapo. Arboretum nayo ilianza 1907 kama shamba la kujaribia miti ya kigeni, kuona ipi itakua huku. Kama una hadithi na mojawapo ya mahali hapa, nenda. Kuna dada niliyempiga picha Karura aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira shuleni kwao, akataka picha akiwa ameinama kwenye mche mdogo, bila kuangalia kamera. Hiyo naielewa. Ile ya "tulikuja juu kila mtu hukuja" ndiyo sielewi.

Ukienda, uliza kwanza. Mahali pengi kuna kiingilio, na ukifika na kamera kubwa kwa kazi ya kulipwa kuna malipo mengine na ruhusa nyingine. Nimeona wasichana sita waliovaa wakapendeza wakizuiwa kwa lango la bustani moja kwa sababu ya kamera tu, wakabaki barabarani na magauni yao wakipigiwa honi. Na usibebe ndizi. Tumbili wa hapa mjini hawajali kama wewe ndiye nyota wa siku.

Mkitaka zambarau ya jakaranda, jueni pia kwamba jakaranda huchanua zaidi Septemba na Oktoba. Mkimaliza karatasi ya mwisho, maua mengi yako chini yamekanyagwa na bodaboda. Anayetaka zile aombe picha shuleni kabla mtihani haujaanza, kama shule inakubali kamera. Na hiyo kwa kweli ndiyo lokesheni nyingine ninayoiheshimu kuliko bustani yoyote: shule yenyewe. Ule ukuta wa bweni mlioegemea mkisoma barua. Lile bomba la maji ya baridi ya saa kumi alfajiri. Muulize mwalimu mapema, kwa adabu, kabla hamjafika getini na kundi la watu wanane na spika.

Najua utakachosema. "Mtaa wetu una nini cha kupigwa picha?" Wengine husema wazi zaidi: hawataki watu wajue wanaishi wapi. Siwacheki. Ukisoma shule ya bweni miaka minne na watoto wanaoshushwa na magari makubwa, unajifunza kusema "karibu na Donholm" wakati unaishi mbele ya hapo, ndani kabisa. Na wazazi wetu nao walifanya hivyo. Angalia albamu ya nyumbani: kuna picha ya studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ama ndege. Miaka ya 1990 pale feri ya Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya meli na majiji ya mbali, na watu walipanga foleni wasimame mbele yake. Ndoto haikuanza na sisi.

Ila kuna tofauti naiona. Pazia lile kila mtu alijua ni pazia. Lilikuwa mchezo, na mathe anaweza kukuambia hadi leo akicheka ni rafiki yake gani walikuwa naye na walikula nini baadaye. Kusimama mbele ya geti la watu usiowajua huko Runda, ukiegemea gari la mtu aliye ndani ya duka, ni mchezo ambao unatakiwa kuulinda. Itabidi uchunge asiulize mtu. Picha ya kumaliza shule haifai kuwa siri ya kutunza.

Sisemi upigwe picha na mtaro wa maji machafu ndipo tuone umetoka mbali. Hiyo pia naichukia, na zaidi naichukia ikifanywa na wale wanaokuja Kibera na nguo za bei wasimame mbele ya michoro ya ukutani, wapige, wapande gari, waende. Mtaa si pambo. Ninachosema ni kwamba kuna mahali pako mahususi, na unapajua bila kufikiria. Ngazi ya tatu ya ploti ambako ulisomea juu stima ilikuwa inakatika na taa ya korido ilikuwa ya landilodi. Kinyozi. Stage ambako makanga anakujua jina na alikuwa anakubeba kwa nusu nauli. Nganya yenyewe, kama dereva atakubali dakika tano kabla ya zamu, ina rangi kuliko bustani yoyote. Paa lenye kamba za nguo, ukishaongea na keateka. Korogocho, kando ya mto Nairobi, vijana waligeuza mahali pa takataka kuwa bustani wenyewe, na wasee wa huko wana sababu zote za kusimama pale kifua mbele.

Mbuyu mmoja wa miaka kumi na saba aliniambia anataka kupigwa kwa kibanda cha mamake cha mboga, lakini mama aondoke kwa fremu, asionekane na aproni. Nikamwambia amuulize mama mwenyewe anaonaje. Mama alisema kitu kimoja tu: "Ngoja nimalize kukata sukuma ya huyu kastoma." Akapangusa mikono, akaingia kwa fremu bila kuitwa. Aproni haikutoka.

Mambo machache ya kuchunga, na hapa sicheki. Reli achana nayo. Wamarekani walipenda picha za reli na zimewaua watu huko. Yetu inayopita Kibera na kwingine ina treni ya kweli, na haisimami ghafla. Barabara ya chini ya Expressway inapendeza jioni, lakini mpiga picha anayerudi nyuma bila kuangalia ndiye wa kwanza kugongwa, kwa hivyo awe na mtu wa kumshika shati. Ukipiga mtaani, kutakuwa na watoto wa watu nyuma yako. Uliza wazazi wao kabla ya kuposti, na wewe mwenyewe kama hujafika miaka kumi na minane, mzazi wako akubali picha zitumike kabla mimi ama yeyote hajaziweka kwa ukurasa wake. Sheria ya kulinda data iko tangu 2019, na mwaka 2023 kuna shule ilitozwa faini ya zaidi ya milioni 4 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mpiga picha akikuambia hayo ni mambo ya wazungu, tafuta mwingine.

Upande wa doo ni mfupi. Toa nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kiingilio, soda za lazima, na mtu wa kubeba nguo. Kilichobaki kinatosha kuchapisha picha mbili kubwa na fremu zake, moja ya nyumbani, moja ya shosho ushago. Wengi hulipia safari halafu picha zinabaki kwa simu, simu inaibiwa Machi.

Kwa hivyo, wa mwaka huu, mkinitumia ujumbe nitawauliza swali langu kwanza: unashuka stage gani, na jua la asubuhi linapiga upande upi wa ploti yenu? Kama hujui upande upi, toka kesho saa kumi na mbili na nusu uangalie. Na lile shati ambalo wenzako waliandika majina kwa kalamu siku ya mwisho, lenye wino hadi kwa kola, njoo nalo. Usimpe mathe alifue.